Cha bure nacho ni amana



Yupo kijana mmoja, mhitimu wa chuo, ambaye hutusaidia kutengeneza kompyuta za shule ninayofundisha. Siku moja baada ya swala ya Adhuhuri aliniuliza: "Ustadh, mtu akitengeneza kitu kwa mikono yake, akakigawa bure kwa kila anayetaka, kisha kitu kile kikaleta madhara, je ana dhambi? Maana hakuuza, wala hakula senti ya mtu."

Nilitaka kumjibu papo hapo, kwani jibu la haraka lipo: mtenda wema halaumiwi. Lakini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kisa alichonisimulia kabla ya swali lile kilinikumbusha kosa langu mwenyewe. Nitaeleza vyote viwili hapa, kisa chake na kosa langu, kisha tulitazame swali lake kwa utulivu.

Furushi na ghala la wazi

Wengi wetu tunatumia kompyuta na simu bila kujua zinaendeshwa na nini. Programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa lugha ambayo binadamu mwenye ujuzi huweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo. Makampuni mengi huuficha msimbo na kuuza tu kile ambacho mashine inakielewa. Lakini wapo watu walioamua kinyume chake. Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzinakili, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akaanzisha Linux. Leo Linux imo katika sehemu kubwa ya seva zinazobeba intaneti, na imo pia ndani ya simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mifukoni.

Programu hizi huitwa programu huria. Hugawiwaje? Zamani msimbo ulifungwa pamoja na kuwekwa kwenye mkanda wa sumaku, ukatumwa kwa posta. Mwaka 1985 Stallman alikuwa akituma mkanda wenye programu yake ya Emacs kwa dola 150. Aliyelipa alilipia mkanda na kazi ya kuutuma, kwa sababu akishaupata alikuwa huru kumnakilia jirani yake bila kulipa chochote. Siku hizi mafaili yote ya msimbo hufungwa kuwa furushi moja, likabanwa liwe dogo, likapewa namba ya toleo, likawekwa kwenye seva ili mwenye kutaka alipakue.

Hapa kuna jambo linalohitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa mjadala wetu wote umesimama juu yake. Mradi wa programu huria huwa na mahali pawili. Pa kwanza ni ghala la wazi, ambako kila mabadiliko ya msimbo huonekana: nani kayaleta, siku gani, kabadilisha mstari upi. Pa pili ni lile furushi la toleo. Watu wanaoikusanya Linux nzima na kuisambaza kwa mamilioni ya watumiaji, aghalabu huchukua furushi. Na kwa desturi ya miaka mingi, furushi halifanani kabisa na ghala. Mtoaji huongeza ndani yake mafaili ya kurahisisha kazi, yanayozalishwa na mashine, ili mpokeaji asihangaike kuyatengeneza mwenyewe. Ni ihsani tu, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Nusu sekunde

Sasa kisa chenyewe. Kuna programu ndogo inayoitwa XZ Utils. Kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Ni ndogo, lakini imo karibu katika kila Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, bila mshahara.

Mwaka 2021 alijitokeza mtu anayejiita Jia Tan akaanza kuleta marekebisho madogo madogo yenye manufaa. Mwaka 2022 wakajitokeza wengine, kwa majina ambayo baadaye yalishukiwa kuwa ya bandia, wakawa wanamlaumu Collin: mbona unachelewa, mbona mradi haukui, mbona huwaachii wengine? Collin alijibu kwa upole kwamba nguvu zake zimepungua, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Kidogo kidogo Jia Tan akapewa madaraka, mpaka akawa ndiye anayefunga mafurushi na kuyatoa.

Mwezi Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na mwezi Machi likafuata 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa uani. Sumu yenyewe ilifichwa kwenye mafaili ya majaribio, yaliyokuwa yamekaa hadharani ndani ya ghala lakini hayasomeki kwa macho. Maagizo ya kuiamsha hayakuwemo ghalani. Yaliwekwa ndani ya furushi tu, katikati ya yale mafaili ya kurahisisha kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiyasoma. Aliyesoma ghala hakuona kitu, na aliyechukua furushi alijenga programu yenye sumu. Lengo lilikuwa kumwezesha mwenye ufunguo maalumu wa siri kuingia katika seva za watu na kuziamrisha atakavyo.

Nani aliyegundua? Mhandisi mmoja wa kampuni ya Microsoft, Andres Freund, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa akipima kasi ya programu ya kutunzia data, akaona kuwa kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kiasi cha nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Mwingine angesema mtandao leo mzito. Yeye alifuatilia mpaka akaufikia mzizi, na Ijumaa ya tarehe 29 Machi, 2024, sisi tukiwa katika kumi la pili la Ramadhani, akautangazia ulimwengu. Hatari yake ilipewa alama 10 kati ya 10. Matoleo yale yalikuwa yameingia zaidi katika Linux za majaribio, kama vile Debian na Fedora za majaribio, na yalikuwa njiani kwenda kwa watu wote. Na huyo Jia Tan, mpaka leo haijawekwa hadharani kwamba ni nani hasa.

Sahihi ilikuwa ya kweli

Msomaji atauliza: kwani hakuna njia ya kuhakiki furushi? Ipo, na ni ya siku nyingi. Kila furushi huweza kupigiwa hesabu ikatoka alama yake, mfano alama ya herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha herufi moja tu ndani ya furushi, alama yote inabadilika. Juu ya hapo mtoaji huweka sahihi yake ya kidijitali, ambayo haigushiki kirahisi.

Njia hii imewahi kuokoa watu. Mwishoni mwa Julai 2002, mwizi aliingia katika seva ya kugawia programu ya OpenSSH akaweka mafurushi yaliyotiwa sumu. Mambo yakajulikana upesi, siku ya kwanza ya Agosti, kwa kuwa watu walipiga hesabu wakaona alama haifanani na ile inayojulikana. Yule alikuwa mwizi wa nje, akavunja ghala.

Lakini katika kisa cha 2024 alama ilifanana na sahihi ilikuwa ya kweli. Aliyetia sumu ndiye aliyekuwa na haki ya kutia sahihi. Mwenye ufunguo wa ghala ndiye aliyekuwa mwizi.

Nilipomsikia kijana akieleza hayo nilitabasamu, nikamwambia kwamba wanachuoni wetu wa hadithi walilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kila mwanafunzi wa elimu ya hadithi hufundishwa kuwa hadithi haiitwi sahihi kwa sababu tu mnyororo wake wa wapokezi umeungana. Masharti ni matano: mnyororo uungane, wapokezi wawe waadilifu, wawe na udhibiti wa wanachokipokea, masimulizi yasipingane na ya waaminifu zaidi, na yasiwe na ila iliyojificha. Sahihi ya kidijitali inathibitisha sharti la kwanza tu, kwamba kitu hiki kimetoka kwa fulani. Haisemi kama huyo fulani ni mwadilifu. Na ile nusu sekunde ndiyo ila iliyojificha. Wataalamu wa ila walikuwa wachache katika kila zama, na kazi yao ilikuwa kuhisi kasoro katika hadithi ambayo kwa nje haina dosari. Bwana Freund si mtu wa hadithi, lakini alichokifanya wangekitambua.

Kosa langu

Sasa nieleze langu. Miaka michache iliyopita niliandika muhtasari wa somo la mirathi kwa ajili ya wanafunzi wangu wa sekondari. Niliupitisha kwa walimu wenzangu wawili na shehe mmoja, wakausoma mstari kwa mstari, wakaukubali. Nakala ile ilibandikwa ubaoni katika ofisi ya walimu. Kisha nikaipeleka kwa mchapaji mmoja mwenye duka la kutoa fotokopi ili itoke nyingi. Jedwali la mafungu likawa limezidi ukurasa kwa mstari mmoja. Mchapaji, kwa nia njema kabisa ya kunipunguzia gharama ya karatasi, akafuta mstari mmoja ili jedwali lienee. Mstari aliofuta ni ule unaosema kuwa mke hupata robo marehemu asipoacha mtoto. Ukabaki ule wa thumni peke yake.

Mimi sikusoma. Niliona jalada ni zuri, nikaweka jina langu na namba ya simu chini ya maneno "Imehakikiwa na", nikagawa bure. Nakala iliyohakikiwa ilikuwa ubaoni, na iliyokwenda majumbani ilikuwa nyingine.

Baada ya muda nikapigiwa simu na mzazi wa mmoja wa wanafunzi. Ndugu yake alikuwa amefariki bila mtoto, akaacha mjane na wao ndugu wawili. Baada ya madeni kulipwa ilibaki milioni 8. Wakachukua karatasi ya binti yake, wakagawa: mjane milioni 1, wao milioni 3 na laki 5 kila mmoja. Alichotaka kwangu ni kunishukuru tu! Alikuwa ananipa pongezi kwa kazi nzuri. Nikamwuliza tena: marehemu hakuacha mtoto kabisa? Akasema hakuacha. Nilikaa chini. Haki ya yule mama ilikuwa milioni 2.

Nilikwenda kwao siku ileile. Yule mzazi alitoa laki 5 zake palepale, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Ndugu yake alikwishanunua mabati, ikachukua miezi minne kumalizia. Mjane hakunilaumu. Aliniambia tu: "Mwalimu, mimi nilisema moyoni, kama dini imesema hivi, basi." Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Alikuwa amenyang'anywa haki yake akaridhika, kwa sababu ya jina langu chini ya karatasi.

Nilipomweleza shehe wangu nilijitetea kwamba niligawa bure, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Akaniuliza: "Uliwapa karatasi bure. Je, na ile 'imehakikiwa' uliwapa bure, au walikulipa kwa kukuamini?" Sikuwa na jibu.

Je, mtoaji wa bure ana dhima?

Turudi kwenye swali la kijana. Karibu leseni zote za programu huria zina kifungu kinachosema kuwa programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Je, kifungu hicho kinamtoa mtu katika dhima?

Naona kuna mambo mawili yanayochanganywa. Jambo la kwanza ni ubora wa kitu. Hapa mtoaji ana haki ya kusema sina dhamana. Qur'an katika Surat Tawba, aya ya 91, inatufundisha kuwa hakuna njia ya kuwalaumu wafanyao wema. Na mafaqihi wamesema kuwa mwenye kushika amana halipi kilichoharibika mikononi mwake ikiwa hakuvuka mpaka wala hakuzembea. Mtu aliyekesha akiandika programu, akakosea kama binadamu, akagawa bure, si haki kumfanya mdaiwa. Tukimfanya mdaiwa hakuna atakayetoa tena.

Jambo la pili ni kufanana kwa ulichokionyesha na ulichokitoa. Hapa sioni udhuru. Mtoaji anaweza kusema, sina dhamana kwamba kitu changu ni kizuri. Hawezi kusema, sina dhamana kwamba nilichokupa ndicho nilichokuonyesha. Hilo la pili ndilo lililomfanya mpokeaji akuamini. Sote tunakijua kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (s.a.w) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta ndani kumelowana ilhali juu ni kukavu. Mwuzaji alisema ni mvua. Mtume (s.a.w) hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kutokuiweka ile iliyolowana juu, watu wakaiona. Mvua haikuwa kosa lake, lakini kuipanga nafaka kulikuwa kwake.

Atasema mtu: kisa hicho ni cha biashara. Ni kweli. Lakini kilichokatazwa ni ghushi, na ghushi haigeuki kuwa halali kwa kuondoa bei. Anayekugawia maji yenye sumu bure hawezi kujitetea kwamba hakukuuzia.

Kwa hiyo nilimjibu kijana hivi: aliyetia sumu kwa makusudi ni haini, hilo halina mjadala. Aliyekosea baada ya kujitahidi hana lawama. Na katikati yao yupo mzembe aliyetia sahihi juu ya asichokisoma. Huyo ana dhima kwa kadiri ya uaminifu alioukusanya kwa jina lake. Huyo wa tatu ni mimi.

Na mpokeaji je?

Hata hivyo, ndugu msomaji, itakuwa dhuluma tukiishia kwa mtoaji. Makampuni makubwa kabisa duniani yalikuwa yakiitumia kazi ya Lasse Collin katika mashine zao. Mzigo wote ulikuwa juu ya bega la mtu mmoja, na alipochoka, waliojitokeza walikuja na lawama, na aliyejitokeza kumsaidia ndiye aliyekuwa haini. Laiti wangekuwepo wasaidizi wakweli watatu, huyo wa nne angepata nafasi gani?

Katika dini yetu kuna faradhi ya kutoshelezana. Wachache wakiifanya, wengine wanasamehewa. Wote wakiiacha, wote wana dhambi. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu. Nionavyo mimi, kuhakiki vitu vya umma ni katika faradhi hizo. Kila aliyepakua furushi lile alidhani mwingine amelisoma. Tabia hii haipo kwa watu wa kompyuta peke yao. Nani kati yetu amewahi kusoma hesabu za msikiti wake zinapobandikwa? Nani amefungua kitabu cha madrasa cha mtoto wake akalinganisha na asili yake? Tunasema, si yupo mwalimu?

Wengine wataogopa kuwa kuhakiki ni kumdhania ndugu vibaya, na dhana mbaya imekatazwa. Lakini Qur'an hiyohiyo iliyokataza dhana, katika Surat Hujurat, ndiyo iliyoamrisha katika sura hiyohiyo kuzichunguza habari kabla ya kuzifuata. Na katika aya ya 282 ya Surat Baqara waumini wameamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi, nao ni ndugu. Kuandikiana kunaulinda udugu usije ukajaribiwa. Hali kadhalika, anayelinganisha furushi na ghala hamtukani aliyelifunga. Anamsaidia kubeba amana yake.

Baada ya kisa kile, mabingwa wa programu huria wengi wamezidi kuhimiza kwamba mafurushi yajengwe moja kwa moja kutoka kwenye ghala la wazi, kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kurudia ujenzi huo akapata alama ileile. Ni njia nzuri. Haimfanyi haini kuwa mwaminifu, lakini inamnyima mahali pa kujificha kati ya kinachoonekana na kinachopokewa.

Mimi nami nimebadilika kidogo. Muhtasari wangu sasa una namba ya toleo, tarehe, na idadi ya kurasa na mistari ya kila jedwali. Nakala inayorudi kutoka kwa mchapaji husomwa na mwanafunzi mmoja kwa sauti, mwingine akiwa ameshika ile ya ubaoni. Ni kazi ya saa moja na nusu. Mwaka jana walikamata kosa moja, nikawanunulia soda.

Yule mama hukutana nami sokoni mara kwa mara. Hunisalimia kwa uchangamfu, huniuliza wanafunzi hawajambo. Hakuna mara hata moja ambayo nimemwitikia bila kuukumbuka mstari mmoja uliofutwa.

Wabillahi tawfiiq.